Jukwaa linaondoka, mhusika anabaki: kutatua hitilafu za majukwaa yanayosogea kwenye gemu za kuruka

Jukwaa lililotulia halimsumbui mtu. Mhusika anatua, anasimama, anaruka, maisha yanaendelea. Lianze kusogea tu, hata kwa pikseli moja kila fremu, na gemu iliyokuwa imara jana inaleta vituko: mhusika anaachwa hewani, anatetemeka kama mwenye homa, anazama ndani ya tofali, au anakufa kwa kubanwa na kitu ambacho macho yanakiona kiko mbali naye.

Nimetengeneza gemu kadhaa za aina hii, na kuna lifti moja iliyonilia wikendi nzima. Tangu hapo, nikikutana na kituko kipya huwa nauliza maswali mawili kabla ya jingine lolote. Ndani ya fremu moja, nani anatangulia kusogea? Na mhusika akiwa amebebwa, nani mwenye amri juu ya mwendo wake? Karibu kila tatizo lililomo humu linaishia kwenye mojawapo ya maswali hayo. Tafuta dalili inayofanana na yako uanzie hapo, ila sehemu hii ya kwanza usiiruke.

Kabla ya kugusa msimbo

Kwa macho hutaiona hitilafu ya jukwaa. Fremu moja kwenye skrini ya mizunguko 60 ni kama milisekunde 16.7, na kosa lenyewe mara nyingi linaishi fremu moja kisha linajificha. Kwa hiyo fanya mambo mawili. Weka kitufe cha kusimamisha gemu na kingine cha kuisogeza fremu moja moja. Halafu chapisha namba tatu kila hatua ya fizikia (kila mara gemu inapohesabu mwendo na migongano): nyayo za mhusika ziko wapi, mgongo wa jukwaa, yaani uso wake wa juu, uko wapi, na tofauti kati yake. Kwenye mifano yangu namba za wima zinaongezeka kwenda chini, kama ilivyo kwenye Godot, mojawapo ya injini za kutengenezea gemu. Ukitumia Unity, injini nyingine, geuza alama.

Tofauti hiyo ndiyo itakayokuambia ukweli. Mhusika aliyesimama sawasawa anaonyesha sifuri, sifuri, sifuri, au namba ndogo isiyobadilika. Ikianza kupanda na kushuka, umeshampata mwizi. Na ikibaki sifuri huku machoni pako mhusika anatetemeka, basi fizikia yako haina kosa. Shida iko kwenye uchoraji au kamera, na utakuwa umejiokolea saa nyingi za kuhangaika na msimbo usio na hatia.

Jukwaa linaondoka, mhusika anabaki palepale

Hii ndiyo dalili ya kwanza ambayo karibu kila mtu hukutana nayo. Jukwaa linakwenda kulia, mhusika anasimama hewani fremu kadhaa mgongo ukimtoka chini ya miguu, kisha anaanguka.

Sababu ya kawaida ni kwamba jukwaa lako halisogei, bali linahamishwa. Umeliandikia mahali papya kwa mkono, na injini ya fizikia inaona kitu kilichokuwa hapa sasa kiko pale, chenye kasi ya sifuri. Kitu chenye kasi sifuri hakina mwendo wa kumpa abiria. Katika Godot 4, ukitumia StaticBody2D (aina ya kitu tuli) na kuisogeza mwenyewe, utapata hasa tatizo hili; tumia AnimatableBody2D (aina ya kitu kinachosogezwa). Na kama unaiendesha kwa AnimationPlayer, hakikisha uhuishaji huo unapigwa kwenye hatua ya fizikia, si kwenye fremu ya uchoraji. Katika Unity, jukwaa linalobadilishwa transform.position (mahali pake) ndani ya Update, yaani kila fremu ya uchoraji, ni ugonjwa uleule. Lipe Rigidbody2D ya aina ya kinematic (inayosogezwa na msimbo wako, si na nguvu za fizikia), ulisogeze kwa MovePosition ndani ya FixedUpdate, yaani kwenye hatua ya fizikia.

Sasa, kwa watu wa Unity, huenda umefanya yote hayo na mhusika bado anateleza. Angalia vitu viwili. Je, umemwekea mhusika msuguano sifuri ili asigandamane na kuta? Wengi tunafanya hivyo, na ni uamuzi mzuri, ila msuguano huohuo ndio uliokuwa umbebe. Pili, je, msimbo wako unaandika upya kasi ya mlalo kila hatua kutokana na kitufe kilichobonyezwa? Kama ndivyo, mchezaji asipobonyeza chochote unaandika sifuri, yaani unafuta chochote ambacho jukwaa lilikuwa limempa. Kasi ya mlalo iwe kile anachotaka mchezaji kujumlisha kasi ya jukwaa alilosimamia. Mstari mmoja tu.

Ukijiandikia fizikia yako mwenyewe (na kwa gemu za pikseli ninapendekeza ufanye hivyo), utaratibu ni huu:

    kila hatua ya fizikia:
        abiria = wote waliosimama juu ya jukwaa
        hamisho = mahali_papya - mahali_pa_sasa
        jukwaa.mgongano = zima
        jukwaa.sogeza(hamisho)
        kwa kila mmoja katika abiria:
            mmoja.sogeza(hamisho)
        jukwaa.mgongano = washa

Tazama mstari wa abiria ulivyotangulia. Orodha inakusanywa kabla jukwaa halijasogea. Ukiikusanya baada ya jukwaa kushuka pikseli mbili, utauliza "nani anagusa mgongo wangu?" na jibu litakuwa "hakuna," kwa sababu umeshawaacha juu. Kosa hili ni dogo kiasi kwamba ukisoma msimbo unapita juu yake mara kumi. Mgongano unazimwa kwa muda kwa sababu jukwaa linalopanda litakuwa tayari limeingia kwenye miguu ya abiria, na ukimwambia asogee juu atajikuta amezuiwa na jukwaa lilelile linalombeba.

Majukwaa yaliyopandana yana kanuni yake: anza na la chini kabisa, umalizie na la juu. Ukigeuza mpangilio, la juu litakuwa nyuma kwa fremu moja daima.

Anabebwa, lakini kupita kiasi

Jukwaa linasogea pikseli mbili, mhusika anasogea nne, anaanguka upande wa mbele. Hapa kuna wabebaji wawili. Aghalabu umemfanya mhusika kuwa mtoto wa jukwaa (umemweka chini yake ili afuate kila badiliko lake), na wakati huohuo injini au msimbo wako unamuongezea kasi ya jukwaa. Mafahali wawili hawakai zizi moja: chagua mmoja, mwingine mtoe.

Mimi huondoa utoto. Kumfanya mhusika kuwa mtoto wa jukwaa ni njia ya mkato inayopendwa kwenye mafunzo ya kuanzia, na kwa onyesho la dakika tano inatosha, lakini inakuja na mizigo. Ukiwa umelivuta jukwaa liwe pana mara tatu kwa kubadilisha kipimo chake, kuna hatari mhusika naye akavutika awe bapa kama chapati. Akiruka na msimbo ukachelewa kumtoa, atasogea na jukwaa akiwa hewani. Jukwaa likifutwa, naye anafutwa. Hii ya mwisho ina alama yake: gemu inaendelea, muziki unalia, na shujaa hayupo popote.

Jukwaa likishuka anadundadunda, na kuruka kunakataa

Rafiki aliyenijaribia gemu alisimama kwenye lifti iliyokuwa ikishuka, akabonyeza kitufe cha kuruka mara tano, akanirudishia pedi akisema imekufa. Pedi ilikuwa nzima. Nilipochapisha zile namba tatu nikaona hivi (jukwaa linashuka pikseli 2 kila hatua, mvutano unaongeza 0.25 kwenye kasi ya mhusika kila hatua):

    hatua   mgongo    nyayo     tofauti
    0       200       200.00    0.00
    1       202       200.25    1.75
    2       204       200.75    3.25
    3       206       201.50    4.50
    7       214       207.00    7.00
    8       216       209.00    7.00
    14      228       226.25    1.75
    15      230       230.00    0.00

Soma polepole. Jukwaa linashuka kwa kasi yake kamili tangu hatua ya kwanza, ila mhusika anaanza kuanguka kutoka sifuri. Anaachwa nyuma hadi pikseli saba, mvutano unamkimbiza, analifikia jukwaa kwenye hatua ya 15. Anatua, kasi yake inarudishwa sifuri, na mchezo unaanza upya. Kwa hatua 60 kwa sekunde, hayo yanatokea mara nne kila sekunde. Katika hatua 15, mhusika anahesabiwa kuwa chini mara moja tu. Rafiki yangu alikuwa akibonyeza wakati gemu inaamini yuko hewani, na aliye hewani haruki. Uhuishaji wa kuanguka na wa kusimama nao ulikuwa ukipokezana, ndiyo maana alionekana kama anatetemeka.

Dawa haiko kwenye mvutano. Wapo wanaoongeza mvutano ili mhusika aanguke haraka. Hapo wanaharibu kila mruko wa gemu nzima kwa ajili ya lifti moja. Kinachotakiwa ni kumgandisha. Mhusika aliyekuwa chini hatua iliyopita, ambaye hajaruka, na ambaye chini ya nyayo zake kuna mgongo ndani ya pikseli chache, avutwe hadi kwenye mgongo huo. Katika Godot kazi hii inafanywa na floor_snap_length. Ipe thamani kubwa kuliko umbali ambao jukwaa lako lenye kasi zaidi linashuka kwa hatua moja. Katika msimbo wako mwenyewe, utaratibu wa abiria niliouonyesha juu unalimaliza tatizo hili pia, kwa sababu jukwaa linamshusha mhusika lenyewe bila kusubiri mvutano.

Sharti la "ambaye hajaruka" lisisahaulike. Ukilisahau, mhusika atajaribu kuruka na kamba isiyoonekana itamrudisha chini papo hapo. Ukiona mruko umekufa kabisa kwenye kila sakafu baada ya kuweka ugandishaji, sababu ni hiyo.

Na hata baada ya kurekebisha, mpe mchezaji fremu chache za huruma: aruhusiwe kuruka kwa muda mfupi baada ya kuacha sakafu. Kwenye majukwaa yanayosogea ukingo wenyewe unahama wakati kidole kinashuka kwenye kitufe, na bila huruma hiyo mchezaji atahisi ameonewa.

Anatetemeka pikseli moja akiwa amesimama tu

Tofauti yako inasoma sawa, lakini kwenye skrini mhusika anacheza pikseli moja kushoto na kulia juu ya jukwaa. Kwenye gemu za pikseli kubwa hili linachoma macho.

Mtuhumiwa wa kwanza ni kuzungusha desimali. Tuseme jukwaa liko 100.0 na mhusika 107.3, na vyote vinasogea 0.4 kila hatua. Hatua ya kwanza jukwaa ni 100.4, mhusika 107.7, wakati wa kuchora jukwaa linakuwa 100 na mhusika 108, nafasi kati yao 8. Hatua ya pili ni 100.8 na 108.1, yaani 101 na 108, nafasi 7. Hatua ya tatu ni 101.2 na 108.5, yaani 101 na 109, nafasi 8 tena. Hakuna aliyekosea hesabu. Kila mmoja anavuka nusu ya pikseli kwa wakati wake.

Tiba ninayoiamini ni kutoruhusu desimali kwenye mahali pa kitu chochote. Jukwaa linaweka akiba ya sehemu ndogo pembeni. Akiba ikifika pikseli kamili ndipo linasogea, na abiria anasogezwa pikseli zilezile kamili:

    salio = salio + kasi * muda_wa_hatua
    hamisho = zungusha(salio)
    salio = salio - hamisho
    sogeza jukwaa na abiria kwa hamisho

Hivi ndivyo gemu za TowerFall na Celeste zilivyojengwa, na Maddy Thorson aliyezitengeneza ameueleza mfumo huo hadharani kwa urefu: vitu vigumu vinasukuma na kubeba, wahusika wanasogea kwa namba kamili tu, na salio linawekwa kando. Ni mfumo mdogo ambao mtu mmoja anaweza kuuandika kwa siku chache, na kwa gemu ya pikseli naupendelea kuliko injini yoyote ya fizikia ya jumla. Injini hizo zilikusudiwa masanduku yanayoanguka na kubingirika. Mhusika wa kuruka hafanani na sanduku.

Mtuhumiwa wa pili ni midundo miwili isiyolingana. Unity kwa kawaida hupiga fizikia kila sekunde 0.02, yaani mara 50 kwa sekunde, wakati skrini nyingi zinachora mara 60. Fremu nyingine zinapata hatua mpya, nyingine hazipati, na mwendo unakwaruza. Mpangilio wa kulainisha, yaani Interpolate kwenye Rigidbody2D, unaziba pengo hilo, ila uwekwe kwa wote wawili. Ukimlainisha mhusika na kuliacha jukwaa, umewaweka kwenye saa mbili tofauti, na mtetemo utazidi kuliko mwanzo.

Wa tatu ni kamera. Kamera inayosogea kabla mhusika hajabebwa inafuata mahali pake pa fremu iliyopita. Mpangilio ni jukwaa, mhusika, kamera, siku zote. Jaribio la haraka: igandishe kamera mahali pamoja. Mtetemo ukikoma, umeshamjua mwenye kosa.

Anapenya jukwaa, au halimkubali kutua

Anza na hesabu ya kasi. Kwa hatua 60 kwa sekunde, mhusika anayeanguka pikseli 900 kwa sekunde anapita pikseli 15 kila hatua. Jukwaa linalopanda kumlaki kwa 300 kwa sekunde linaongeza 5. Kwa pamoja wanapishana pikseli 20 kwa hatua moja. Kama jukwaa lako lina unene wa 16, nyayo zinaweza kuwa juu yake hatua hii na chini yake hatua inayofuata, na ukaguzi unaotazama mahali walipo sasa hauwezi kujua kwamba walikutana. Weka kikomo cha kasi ya kuanguka, nenepesha umbo la mgongano kwa upande wa chini (picha si lazima ibadilike), au gawanya mwendo uwe wa pikseli moja moja. Ninapenda hiyo ya mwisho. Kompyuta ya leo haitaona uzito wa hatua 20 za nyongeza.

Majukwaa ya upande mmoja, yale unayoyapenya kutoka chini na kutua juu yake, yana ugonjwa wao. Kanuni ni kwamba mhusika alikuwa juu hatua iliyopita na sasa yuko chini ya mgongo au sawa nao. Kosa ni kulinganisha nyayo za zamani na mgongo mpya. Chukua mhusika aliyekuwa pikseli 3 juu ya jukwaa, na jukwaa likapanda 5. Nyayo zake za zamani sasa ziko pikseli 2 chini ya mgongo mpya. Msimbo unasema "huyu alikuwa chini, mwache apite," na anapita. Zamani ilinganishwe na zamani:

    alikuwa_juu = nyayo_za_awali <= mgongo_wa_awali
    amefika = nyayo_za_sasa >= mgongo_wa_sasa
    atue = alikuwa_juu na amefika

Utaona sikuweka sharti la "awe anaanguka." Wengi wanaliweka, na kwenye sakafu tuli halidhuru. Lakini mhusika aliye mwishoni mwa mruko, akiwa bado anapanda polepole, anaweza kufikiwa na jukwaa linalopanda kwa kasi zaidi. Yeye anapanda, hata hivyo kwa jukwaa ni kama anaanguka. Kasi inayopimwa hapa ni yake ukitoa ya jukwaa.

Anakufa amebanwa, na hakubanwa

Kubanwa kuna maana moja tu: jukwaa limemsukuma mhusika, na mhusika hana pa kwenda kwa sababu upande wa pili kuna kitu kigumu. Msimbo unaouliza "je, mhusika anagusa vitu viwili?" utamuua mtu aliyesimama kwa amani kwenye kona. Kosa la aina hii linajulikana kwa urahisi: vifo vyote vinatokea pembeni mwa ukuta.

Sukuma kwanza. Msukumo ukizuiwa, jaribu kumtoa kwa kumhamisha pikseli mbili tatu kushoto, kisha kulia. Ukikosa nafasi, hapo ndipo afe. Huo mchepuko mdogo unaokoa vifo vingi vya aibu, hasa pale kichwa kinapogusa ncha ya tofali la dari.

Injini za jumla zina tabia nyingine hapa: haziui, zinatafuta njia fupi ya kuwatenganisha. Mhusika aliyebanwa na dari anaweza kutokea chini ya lifti kana kwamba ameyeyuka. Usipambane na hilo kwa kubadilisha uzito au ugumu wa vitu. Kagua mwenyewe kama kuna nafasi juu ya kichwa kabla lifti haijapanda, uamue wewe: afe, au lifti isimame.

Mruko wa kwenye jukwaa hauna ladha

Mchezaji anaruka kutoka jukwaa linalokimbia, anaanguka wima kama jiwe, au anaruka kutoka lifti inayoshuka na hapati hata nusu ya kimo chake. Si hitilafu ya mantiki, ila ni hitilafu ya gemu.

Hesabu ya huo mruko wa kwenye lifti inashangaza. Mruko wa kasi 300 kwenye mvutano wa 900 unafika kimo cha pikseli 50. Ukijumlisha kasi ya lifti inayoshuka 120, mhusika anaanza na 180 tu na anafika pikseli 18. Lifti hiyohiyo ikipanda, anaanza na 420 na anafika 98. Fizikia iko sahihi mara zote mbili, na mchezaji atakuchukia mara moja kati ya hizo. Mpe kasi ya mlalo yote, ya kupanda umpe pia, ya kushuka uitupe. Godot ina mpangilio wa platform_on_leave wenye chaguo tatu: kuongeza kasi yote, kuongeza bila ile ya kushuka, au kutoongeza chochote. Chaguo la pili ndilo la kuanzia.

Kuna mtego zaidi kwa majukwaa yanayopunguza mwendo yakifika mwisho. Jukwaa linaloyumba pikseli 64 kila upande kwa mzunguko wa sekunde 4 lina kasi ya pikseli 100 hivi kwa sekunde likipita katikati, na sifuri kwenye ncha. Mchezaji huruka karibu na ncha, kwa sababu hapo ndipo jukwaa lingine liko karibu. Akichelewa kidogo tu anapata sifuri. Celeste, iliyotoka 2018, inahifadhi kasi ya bloku kwa muda mfupi baada ya bloku kusimama, na wachezaji wamejifunza kuichuma kasi hiyo kwa makusudi. Fanya vivyo hivyo: kumbuka kasi kubwa zaidi ya fremu chache zilizopita, uitumie hiyo.

Anajikwaa katikati ya sakafu nyoofu

Jukwaa limeundwa kwa vigae vinne, kila kimoja na umbo lake la mgongano. Mhusika anapotembea, pembe ya umbo lake inakamata pembe ya kigae kinachofuata. Unganisha vigae hivyo viwe umbo moja refu. Basi.

Yanapoteza mpangilio, au hayapo mahali pake

Majukwaa mawili yaliyoanza sambamba yanaachana baada ya dakika kumi. Kila moja linajumlisha mwendo wake fremu kwa fremu, na makosa madogo yanajilimbikiza. Au yanapofika kwenye ncha yanapitiliza kidogo, yanageuka, na ile ziada inapotea. Likipitiliza pikseli 1.5, pikseli hizo zirudishwe kwenye safari ya kurudi. Afadhali zaidi, usijumlishe kabisa: mahali pa jukwaa pahesabiwe moja kwa moja kutokana na saa ya hatua ya gemu. Saa moja, majukwaa mia, na hakuna litakaloachwa. Kwa njia hii pia, mhusika akifa unarudisha saa nyuma na kila kitu kinarudi kilipokuwa, badala ya kumfufua juu ya shimo ambalo jukwaa lake liko upande wa pili.

Jukwaa linalomemetuka na kupotea vipande ni shauri jingine, na linawahusu zaidi wanaotengeneza gemu mpya kwa mashine za zamani. NES, mashine ya gemu ya Nintendo, huonyesha vipande 8 tu vinavyosogea kwenye mstari mmoja wa skrini, kila kimoja kikiwa na upana wa pikseli 8. Majukwaa mawili ya pikseli 48 yakilingana kwa kimo yanadai vipande 12. Vinne havitachorwa, hata ufanye nini. Yapishanishe kwa kimo.

La mwisho ni jukwaa linalolala likitoka nje ya skrini. Kulizima kunaokoa nguvu, ila mchezaji akirudi analikuta palepale lilipolala, na mwendo aliouhesabu kichwani hauna maana tena. Zima uchoraji wake na ukaguzi wa mgongano kama unahitaji, lakini hesabu ya mahali pake iache iendelee. Kwa jukwaa linalosoma saa ni mstari mmoja wa hesabu, na ukisubiri mchezaji arudi ndipo uupige, jibu litakuwa lilelile.